Jeneza la Sambaza

Siku nilipotangaza nyumbani kwamba ninakwenda Goma kununua glasiere, sanduku la kutunzia barafu, mke wangu aliuliza swali moja tu: "Na barafu itatoka wapi, Baba Mapasa?" Nikamjibu kwamba hayo ni mambo madogo. Mwanamume hununua ng'ombe kwanza, kamba ataitafuta baadaye. Hakubisha. Aliendelea kuchambua maharagwe yake, kila jiwe akilitupa upande wangu.

Mpango wangu haukuwa na doa. Mimi ni mwalimu hapa Kirotshe, na mshahara wangu huchoka njiani kabla mwezi haujafika nusu. Wakati huohuo Ziwa Kivu liko hapo chini, kila alfajiri linatoa sambaza. Samaki hawa wadogo hawakuzaliwa huku. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, wakakuta ukumbi mtupu, wakazaana mpaka wakawa mboga ya kila nyumba. Ila wana haraka ya kuoza. Waliovuliwa usiku wakikutwa na jua la saa sita, tumbo limeshapasuka na harufu imekutangulia sokoni. Ndiyo maana mama zetu huwakimbiza mapema, na wanaobaki huanikwa juani. Nikajiambia: mwenye glasiere hatakimbia. Atalala, ataamka, atakunywa chai, ndipo ashuke polepole hadi soko la Kituku kule Goma na samaki wabichi, ataje bei huku akitazama pembeni.

Sokoni Goma nilikuta glasiere za aina tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, ya lile povu linalofungiwa televisheni, nyepesi kama mkate. Niliigusa ikabaki na alama ya kidole. Ya pili ilikuwa nzuri ya rangi, lakini mfuniko wake ulikaa kama kofia ya kuazima. Ya tatu ilikuwa ya buluu, ya lita 120, kuta nene zilizojazwa povu gumu, bawaba za chuma, mpira kuzunguka mfuniko, na kizibo chini cha kumwagia maji. Muuzaji aliifunga, akapanda juu yake na viatu, akaruka mara tatu.

"Patron, hii utaachia wajukuu! Barafu inalala siku 5 ndani, haiyeyuke!"

Niliikagua kama mtaalamu. Niliigonga kama mtu agongavyo chungu. Niliikalia. Niliuvuta ule mpira kwa uso wa daktari anayepima jicho la mgonjwa. Kisha nikatoa dola zangu, nazo zikakaguliwa vikali kuliko glasiere. Huku kwetu noti ya dola ni kama bibi harusi, haitakiwi iwe na kovu. Muuzaji aliinua moja kwenye jua, akaona tundu la sindano, akanirudishia kwa vidole viwili. Ilibidi niipeleke kwa mbadilisha pesa, akaipokea kwa huruma na kwa bei ya huruma. Kabla sijatia samaki hata mmoja, sanduku lilikuwa limeshanila.

Nikanunua barafu kwa mama mmoja mwenye friji, kilo 10 ndani ya vifuko vya plastiki. Nilipozimwaga ndani ya lita 120, zilionekana kama karanga tatu ndani ya gunia. Swali la mke wangu likanipitia kichwani. Nikafunga mfuniko.

Mwenye pikipiki wa kwanza alizunguka lile sanduku mara moja, akasema yeye anabeba watu, habebi nyumba. Hadi Sake, kilomita 25 hivi, nikasafiri juu ya fuso, nimekaa kwenye magunia na kukumbatia mali yangu. Pale Sake nikakodi chukudu, ile pikipiki yetu ya mbao isiyokunywa petroli. Jua lilikuwa kali, nikatoa mfukoni kitenge nilichomnunulia mke wangu, nikalifunika sanduku vizuri, pembe zote nne. Kijana akasukuma mbele, nami nikafuata nyuma kwa miguu, kichwa chini kwa uchovu.

Sasa fikiria mwenyewe ulivyoonekana msafara ule.

Wanaume waliokuwa kando ya barabara walivua kofia. Watoto waliacha mpira. Mama mmoja alitua mzigo wake, akanishika mkono.

"Pole sana, papa. Ni nani?"

"Ni glasiere," nikasema.

Akafumba macho. "Hata jina yake nzuri. Mungu amupokee."

Sikuwa na nguvu ya kueleza. Nikasema aksanti, nikaendelea. Kwenye kizuizi cha barabarani walionihoji hawakuwa wepesi wa kulia. Walitaka kumwona marehemu. Nikafungua. Wakaitana, kila mmoja akataka kutia mkono kwenye baridi, na mmoja akaondoka na kifuko cha barafu akikinyonya. Mfuniko ulikaa wazi muda wa misa fupi.

Jioni nikafika ufukweni. Mkubwa wa wavuvi akanitazama, akatazama sanduku, kisha akatazama juu.

"Mwalimu, mwezi umejaa."

Nikadhani anazungumzia mshahara. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamlipa taslimu. Akakubali huku akicheka peke yake.

Huku sambaza huvuliwa kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu ukishushwa chini na taa zikiwaka juu ya maji. Samaki hufuata mwanga, na wavu huwainukia kutoka chini. Lakini usiku wa mwezi mpevu ziwa zima ni taa moja. Sambaza hana sababu ya kuja kwenye yako. Wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Mimi nilikuwa nimechagua glasiere kwa wiki tatu, na katika wiki hizo tatu sikuinua macho mbinguni hata mara moja.

Sanduku lilikaa kwenye mtumbwi wa katikati. Wavuvi wawili wakaachwa ufukweni.

"Hii kintu inakula nafasi ya watu wawili," mkubwa akasema, "na haipige kasia."

Wavuvi wa Kivu hupiga kasia kwa nyimbo. Usiku ule wimbo ulipata ubeti mpya, nami nilitajwa. Wavu uliposhushwa na kupandishwa mpaka mbalamwezi ikachoka, tulikuwa na sambaza kilo mbili. Nikafungua glasiere kwa heshima zote. Ndani mlikuwa na maji, na vifuko vikielea kama watu waliozama. Nikatia samaki humohumo. Asubuhi mama mnunuzi alimwinua mmoja kwa mkia, akalegea kama uzi.

"Mwalimu, hizi umezipika?"

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1833 mfanyabiashara wa Marekani, Frederic Tudor, alipeleka barafu kwa meli kutoka Boston hadi Calcutta, miezi minne baharini, ikiwa imezungushiwa magome makavu ya miti. Ziliondoka tani 180, zikafika kama 100. Hakuwa na bawaba za chuma wala mpira. Ila yeye alijaza barafu. Mimi nilijaza hewa ya Goma.

Wiki mbili glasiere ilikaa barazani, mapacha wetu wakiifanya gari. Ndipo mke wangu akauliza swali la pili: "Hii sanduku inafanya baridi namna gani?" Nikakohoa kama niko darasani. Nikaeleza kwamba haifanyi baridi hata kidogo. Ni mlinzi tu: ulichokifungia ndani, inakizuia kisitoke. Ukitia baridi italinda baridi, ukitia joto italinda joto.

Akanyamaza. Jioni alichukua maharagwe yaliyolowa tangu asubuhi, akayachemsha nusu saa, akafunika sufuria, akaizungushia kile kitenge, akaitia ndani ya glasiere na kufunga. Akasema: "Atakayefungua atanitambua." Asubuhi maharagwe yalikuwa laini, na mvuke ulitoka mfuniko ulipoinuka. Makaa ya chakula kimoja yakatosha vyakula vitatu. Siku hizi majirani huleta sufuria zao jioni, na foleni anaipanga yeye.

Juzi nilikutana na yule mama wa barabarani. Akanishika mkono tena, akauliza kama familia imepoa.

"Amefufuka, mama," nikamwambia. "Anapika maharagwe."