Namna ya Kuitibu Modemu Mbele za Watu

Modemu haikugomei ukiwa peke yako. Inasubiri saiba ijae. Mama wa Kathonzweni amekaa kwenye benchi, karatasi yenye namba ya mtihani ya mwanawe imekunjwa mkononi. Kijana kando yake anataka kujaza fomu ya HELB ya kuomba mkopo wa masomo. Mwenye saiba ameshawaambia wote wawili kwamba wewe ndiwe fundi. Mbele yako pana kompyuta ya Linux, modemu ya USB iliyochubuka rangi, na maandishi kwenye dirisha jeusi yakisema simu imekatika. Sogea karibu nikunong'oneze. Njia za mkato zipo, zinafanya kazi, na heshima yako itabaki nzima.

Kwanza ujue hili: kompyuta nyingi huharibiwa na fundi anayetazamwa. Akiona macho ya watu, anakimbilia penye ugumu. Anafungua /etc/ppp, anabadilisha mafaili matano, anaandika amri ndefu ndefu. Baadaye inajulikana kwamba bando liliisha jana usiku, na sasa kuna mafaili matano ya kurekebisha juu ya hilo. Wewe anza na mambo ya aibu, yale ambayo hata mtoto angeuliza, ila uyafanye bila mtu kujua kwamba ndiyo unayoyafanya.

1. Chomoa modemu uipulize. Kila mtu Ukambani anaamini kupuliza, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza kitu. Sema, "Naangalia kadi." Toa laini, itie kwenye simu yako, geukia ukutani. Kama ni ya Safaricom, piga *144# uone salio, kisha *544# uone habari za bando. Tazama pia kama laini inadai PIN inapowashwa. Ikidai, iondolee hapo hapo kwenye simu, maana modemu itabaki imeduwaa ikisubiri namba hiyo na haitakwambia. Ukikuta bando limekwisha, nunua, rudisha laini, unganisha, na useme, "Ilikuwa kadi." Hujadanganya mtu.

2. Tazama taa kabla ya kugusa kibodi. Kwenye modemu za Huawei, zile ndogo zilizojaa madukani baada ya waya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, kijani ni 2G na buluu ni 3G. Taa ikipepesa mara moja moja, siyo mbili mbili, modemu imeuona mnara lakini bado haijaunganishwa. Ikitulia bila kupepesa, imeunganishwa. Jifunze hilo tu, halafu ingia mlangoni, tupia modemu jicho ukiwa bado umesimama, na utamke: "Mnara tunao, shida iko ndani." Mwenye saiba atakuletea kiti.

3. Mnara ukiwa haupo, utafute. Hapa ndipo siku nyingi huishia, kwa hiyo usiharakishe. Kitui peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na minara ya simu hufuata watu na barabara. Ukiwa Emali, Makindu, Kibwezi au Mtito Andei, barabara ya Mombasa inakubeba. Ukipanda Mbooni, ukishuka nyuma ya Nzaui, au ukivuka mto Athi kuelekea Mutomo na Ikutha, kilima kimoja kinatosha kukuzimia kila kitu. Na kama saiba yenyewe ni ya mabati paa na kuta, umeifungia modemu ndani ya sanduku la bati kisha unaidai mawimbi.

Kwa hiyo nunua waya wa kurefushia USB. Usizidi mita 5, na usichukue ule mwembamba wa bei ya chini kabisa, kwa sababu modemu inapopiga simu hunyonya umeme mwingi, na waya mwembamba huupunguza njiani. Kompyuta ikiwa ya mezani, chomeka kwenye matundu ya nyuma. Yale ya mbele mara nyingi ni dhaifu. Modemu huzimika na kuwaka yenyewe, nawe unamlaumu mwenye mnara.

Sasa fanya onyesho. Fungua programu ya minicom kwenye lango la pili au la tatu la modemu, kwa mfano /dev/ttyUSB2 (kama halipo, anza na hatua ya 4), kisha andika AT+CSQ. Utajibiwa kwa namba kati ya 0 na 31. Ukiona 99, haijui lolote. Kila hatua moja ni desibeli 2. Chini ya 10 utateseka, na kuanzia 15 unaweza kufanya kazi. Mpe yule kijana wa HELB ashike modemu. Mwambie, "Kijana, sogea dirishani. Inua kidogo. Rudi kushoto." Wewe soma namba kwa sauti: saba, saba, tisa, kumi na mbili, simama hapo! Wateja wataacha kunung'unika waanze kumwelekeza. Ifunge modemu mahali hapo kwenye chuma cha dirisha kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Namba ikikaa kwenye 8 au 9 na haipandi, leta karai safi, liweke nyuma ya modemu likitazama upande wa mnara, usogeze modemu mbele yake kidogo kidogo mpaka namba ipande. Watacheka. Waache wacheke, fomu itapita.

4. Iambie modemu iache kujifanya CD. Modemu hizi zikichomekwa hujitambulisha kwanza kama diski yenye programu za Windows. Andika lsusb. Ukiona 12d1, hiyo ni Huawei. Kama hakuna /dev/ttyUSB0, bado imevaa sura ya diski, na dawa yake ni programu ya usb_modeswitch. Sasa utaniuliza utaipataje bila mtandao. Ndiyo maana fundi mwerevu hutembea na fulashi yenye vifurushi viwili, usb-modeswitch na wvdial ya kupigia simu, pamoja na kila kitu vinachokitegemea. Vipakue leo ukiwa na mtandao mzuri. Siku ukivitoa mfukoni bila kusema neno, jina lako litafika Zombe kabla yako.

Kuna modemu mpya zisizopiga simu kabisa. Ukichomeka moja na kompyuta ikapewa anwani inayoanza na 192.168.8, usihangaike na wvdial. Fungua 192.168.8.1 kwenye kivinjari, malizia huko, na uruke hatua mbili zinazofuata.

5. Nakili, usitunge. Wanaojivunia kukariri hukosea herufi moja na kupoteza mchana. Faili la /etc/wvdial.conf kwa laini ya Safaricom ni fupi hivi:

[Dialer Defaults]
Modem = /dev/ttyUSB0
Init1 = ATZ
Init2 = AT+CGDCONT=1,"IP","safaricom"
Phone = *99#
Username = saf
Password = data
Stupid Mode = 1

Mstari wa mwisho usiuonee haya. Unaiambia programu isisubiri kuulizwa jina na nywila, ianzishe pppd, ile inayoendesha muunganisho, moja kwa moja, na kwa modemu hizi ndivyo inavyotakiwa. Amri zinazoanza na AT zilitoka kwa kampuni ya Hayes ya Marekani mwaka 1981, na modemu iliyoko dirishani kwako bado inazitii. Weka nakala mbili za faili hili, moja kwenye fulashi na moja kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi.

Ukiambiwa huna ruhusa ya kufungua lango, jiongeze kwenye kundi la dialout, kisha toka na uingie upya. Bila kutoka hakuna kinachobadilika. Ukiambiwa lango lina shughuli, ModemManager amelikalia, msimamishe. Na kama ttyUSB0 imegeuka ttyUSB1 baada ya kuchomoa na kuchomeka, ni kwamba programu ya zamani haijaliachia lango la kwanza. Izime, chomoa, vuta pumzi, chomeka.

6. Kariri namba tatu. pppd ikifa hutaja sababu yake kwa namba, na karibu hakuna anayezisoma. 16: modemu imekata simu, rudi kwenye mnara na bando. 19: jina au nywila imekataliwa, tazama saf na data. 8: simu yenyewe haikupigika, kagua lango na *99#. Ukiona 16 geuka umwambie mwenye saiba, "Upande wa pili wametukatia." Atakuona umesikia kitu ambacho yeye hakusikia. Umekisoma tu, naye angeweza kukisoma.

7. Imeunganishwa, kurasa hazifunguki. Hapa ndipo mafundi wengi hukasirika na kuanza kuweka Linux upya. Tulia, maana sababu ni tatu tu na kila moja ina jaribio lake la haraka.

Andika ping 8.8.8.8. Ikijibu, njia ipo. Kinachokosekana ni kitabu cha majina. Tia mstari nameserver 8.8.8.8 kwenye /etc/resolv.conf, kisha ongeza neno usepeerdns kwenye mipangilio ya pppd ili kesho isirudie. Isipojibu, andika ip route. Ukiona mstari wa default unaelekea eth0, kompyuta bado inapeleka kila kitu kwenye waya wa ofisini usiokwenda popote, na pppd kwa adabu yake haimwondoi aliyetangulia. Chomoa waya huo, unganisha upya. Ni tiba nzuri kwa sababu watu wanauona mkono wako ukifanya jambo.

Sababu ya tatu naipenda kuliko zote. Andika date. Kompyuta za saiba ni za mitumba, betri ndogo ya ndani imekufa, na kila stima ikikatika saa inarudi miaka mingi nyuma. Kivinjari kinakataa kufungua tovuti ya serikali ya eCitizen kwa sababu vyeti vya usalama kwake bado havijaanza kutumika. Sahihisha saa, na kurasa zinafunguka papo hapo, huku umati ukiamini umetengeneza intaneti nzima. Kisha nunua betri ya CR2032 uibadilishe. Tafadhali fanya hivyo, kwa maana nimeona mama akirudishwa nyumbani kwa ajili ya saa mbovu, na barua ya mtoto wake ya kuitwa chuoni ilikuwa inamsubiri humo muda wote.

8. Ukikuta modemu ya simu ya waya. Hutaikuta sana siku hizi, ila kompyuta kuukuu za shule bado zinazo, kumbukumbu ya miaka ya baada ya 1999 ambapo Shirika la Posta na Simu liligawanywa na Telkom Kenya ikazaliwa. Kama ni ile ya ndani ya kompyuta, jihadhari: nyingi hazikuwa modemu kamili, zilitegemea programu ya Windows, na kwenye Linux zitakula wiki yako. Omba ile ya nje ya kukaa mezani, uipige kupitia /dev/ttyS0. Ikilalamika kwamba haisikii mlio wa simu nawe unausikia kabisa, ongeza ATX3, itapiga bila kuusubiri. Ikikatika kila saa nne asubuhi, tembea ofisini uone kama karani hainui simu nyingine ya waya huo huo. Ukimkuta, msalimie vizuri, kaa, kunywa chai, ndipo umweleze. Na mvua za Novemba zikianza kunguruma, chomoa waya wa simu ukutani. Radi hufuata nguzo kilomita nyingi, na modemu iliyopigwa haitibiki.

9. Danganya kwa ustadi. Nusu saa ikipita bila kitu, chomoa waya wa chaji yako, unganisha simu na kompyuta, na uwashe kushiriki mtandao kwa USB. Linux huitambua simu ya Android yenyewe, bila faili wala amri. Wateja wanataka fomu ipite, hawana haja na jina la kilichoipitisha. Hudumia yule mama kwanza, kijana afuate, halafu urudi kwa modemu watu wakiwa wamepungua. Bando ulilotumia limwandikie mwenye saiba kwenye hesabu, naye atalipa, kwa kuwa amewaona wateja wakiondoka wameridhika.

10. Na kama simu nayo haina mtandao, shindwa mapema. Kushindwa saa tatu asubuhi ni heshima, kwa sababu magari ya kwenda mji wa Wote bado yanajaza. Kushindwa saa kumi jioni ni kumlaza mtu njiani. Simama, zungumza na yule mama kwa sauti ya kawaida, umwambie, "Mama, hapa leo haitawezekana." Mwandikie kwenye karatasi anachokwenda kutafuta, jina la ukurasa, namba anazotakiwa kuwa nazo, na saiba unayoiamini kule. Kama umemjazia fomu nusu, ihifadhi kwenye fulashi umkabidhi mkononi. Mrudishie pesa yake yote, na kama ulimkalisha tangu asubuhi, ongeza na ya nauli.