Namna ya Kuitafutia Nyambizi Ukumbi

Kwanza pokea pongezi. Umeteuliwa kutafuta mahali pa mkutano wa nyambizi za rimoti, na kama kamati yenu ni kamati ya kweli, umeteuliwa kwa sababu ulitoka kwenda chooni wakati wenzako wanagawana kazi. Mimi nilipata cheo hiki hivyohivyo, katika jimbo moja la katikati ya Marekani ambako ukitaka kuiona bahari unaendesha gari kutwa nzima.

Kwa msomaji aliyepita njia tu, nieleze. Huku kuna watu wazima, wengi wao wastaafu, ambao miezi ya theluji hujifungia kwenye gereji wakiunda nyambizi ndogo zenye mota, betri, usukani na tangi la kuingiza na kutoa maji. Joto likirudi hukutana kuzizamisha. Chama chao kikubwa hapa Marekani kinaitwa SubCommittee, yaani Kamati Ndogo, na ni utani juu ya neno lao la nyambizi. Basi ujue kwamba hata jina la chama ni kikao. Nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC, ambayo ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 67, kwa kipimo cha 1 kwa 72 inatoka sentimita 93. Ya Kimarekani ya aina ya Gato inapita mita 1.3, na mwenye nayo huibeba kama mtoto aliyelala. Namjua mzee aliyetumia majuma mawili kutoboa matundu ya kupitishia maji ubavuni, tundu moja moja, ili chombo chake kizame kwa heshima.

Nilipomweleza mama kwa simu, alinyamaza kidogo.

"Sasa baba, kitu chenyewe kikifanya kazi vizuri si hamkioni?"

"Hatukioni, mama."

"Na kikiharibika?"

"Hapo pia hatukioni."

"Haya," akasema. "Muwe mnakula lakini."

Sijasikia mtu akiieleza kazi yako kwa ufupi kuliko hivyo. Mjumbe wa ukumbi wa harusi hutafuta mahali ambapo bibi harusi ataonekana vizuri. Wewe bibi harusi wako kazi yake ni kujificha, na watu wametoa michango waje wamtazame.

Anza kwa kufuta bahari kwenye orodha. Najua, inauma. Chombo kimeundwa kwa ajili ya bahari, kimepakwa rangi ya bahari, na mwenye nacho ana kofia ya nahodha. Lakini maji ya chumvi hupitisha umeme, na kitu kinachopitisha umeme hulimeza wimbi la redio kabla halijafika popote. Ukizamisha nyambizi ya rimoti baharini umeiaga. Wanajeshi wenyewe wana taabu hiyo hiyo. Ili kuzitumia ujumbe nyambizi zake zilizo chini ya maji, jeshi la majini la Marekani limejenga huko Cutler, jimbo la Maine, kituo kinachorusha kwa kilohezi 24, chenye minara ambayo mirefu yake inakaribia mita 300. Wewe una rimoti ya betri nane na antena ya kuvuta kwa vidole.

Kila mwaka atatokea mjumbe mpya wa kuuliza kwa nini tusiende ufukweni, kuna upepo mzuri na samaki wa kukaanga. Mwaka jana aliniangalia mimi. "Wewe umetoka Tanzania," akasema, "bahari unaijua." Nimezaliwa Dodoma. Maji niliyokua nayo yalikuja kwenye ndoo, tena kwa zamu. Mpe mjumbe huyo hesabu ya uzito, ndiyo dawa: maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo nyambizi ya kilo 10 iliyosawazishwa nyumbani kwenye beseni la kuogea, ikifika baharini itataka kuongezewa risasi ya gramu 250 ndipo ikubali kuzama. Mzee aliyekesha akiisawazisha kwa vipande vya risasi vidogo kama punje za mahindi hatakushukuru.

Sasa suala la redio, kwa maana ndilo linaloamua kila kitu na ndilo wajumbe wenzako watakalokujibu "hayo ya kiufundi tutayaona mbele." Rimoti za kisasa za magari na ndege za kuchezea hutumia gigahezi 2.4. Ni nzuri sana, hazigongani, hazina antena ndefu, na zikizama sentimita chache tu majini zinakuwa mapambo. Kwa hiyo wapenzi wa nyambizi wameng'ang'ania redio za zamani za masafa ya chini: megahezi 75 kwa Marekani, 40 kwa Uingereza. Hizo, katika maji yasiyo na chumvi, zinafika kina cha mita kadhaa bila matata. Ubaya wake ni kwamba watu wawili wakiwasha chaneli moja, nyambizi moja hupokea amri za mabwana wawili, na matokeo yake ni yale ya nyumba yoyote ya namna hiyo. Megahezi 75 zina chaneli 30, namba 61 hadi 90. Basi ukumbi wako lazima uwe na ukuta au ubao mahali pa wazi wa kubania vibanio vya nguo vyenye namba. Asiye na kibanio mkononi hawashi redio. Nimeona watu wenye shahada tatu wakinyang'anyana kibanio cha kuanikia soksi.

Baada ya bahari, watakupendekezea ziwa dogo la bustani ya mji. Ni la bure, lina miti, lina meza za mandari. Kubali kwenda kulitazama, kwa adabu tu. Simama ukingoni, chovya mkono mpaka kwenye kiwiko. Kama vidole huvioni, rudi nyumbani. Kama unaviona, tazama wavuvi wa ndoana walioketi ng'ambo, kisha fikiria uzi wa nailoni ukijiviringisha kwenye rafadha ya mtu aliyetobolea matundu yake majuma mawili. Tazama na mabata bukini. Bata bukini wa Kanada haogopi nyambizi. Nyambizi ikiibua darubini yake karibu naye, ataifuata mpaka bandarini kudai maelezo, na bandarini ndipo ulipo wewe.

Halafu kuna gati. Nyambizi nyingi zina kinga ndani yake: redio ikikatika, tangi linajitapisha maji na chombo kinapanda juu chenyewe. Ni jambo la busara, ila halitazami juu kuna nini. Mahali penye gati la mbao, nyambizi iliyopoteza mawasiliano itapanda polepole, kwa utaratibu kabisa, na kujibana chini ya mbao hizo, na kukaa. Wakati huo watu watageuka kumtafuta mtu wa kuzamia. Kamati nyingine huwa na mtu aliyekubali kazi hiyo kabla. Kamati yetu ilikuwa na Mtanzania, na Mtanzania, kama nilivyosema, walidhani ni mtu wa pwani. Niliingia mpaka kifuani nikiwa nimevaa soksi. Yaliyofuata hayahusiani na uchaguzi wa ukumbi.

Na ufukwe wa mchanga pia ufute, hata wa ziwa. Kila chombo hufunguliwa na kufungwa mara kadhaa kwa siku ili kubadili betri, na kinachozuia maji kuingia ni oringi, yaani pete ya mpira, iliyopakwa grisi. Chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye grisi hiyo, vifaa vyote vya umeme vitaoga. Unataka sakafu ya saruji na meza safi.

Kwa njia hii ya kufuta unafika kwenye jibu, nalo ni bwawa la kuogelea la manispaa. Maji hayana rangi, hayana chumvi, hayana uvuvi. Kina chake kinatosha: kwa kipimo cha 1 kwa 72, mita 3 za bwawa ni sawa na mita 216 za bahari, na hapo hata nahodha wa VIIC wa zamani angeanza kusikiliza mlio wa chuma. Mita 25 za urefu zinakuwa kilomita 1.8. Yule mzee wa matundu atasimama pembeni akiitazama nyambizi yake ikipita chini, nzima, kila tundu likionekana, na hutasikia neno kutoka kwake kwa robo saa. Hapo ndipo nami, miaka sita iliyopita, nilipoacha kucheka.

Lakini bwawa nalo lina maswali yake. Uliza kwanza kama ni la klorini ya kawaida au ni yale yanayotengeneza klorini kutokana na chumvi. Ya aina ya pili yana chumvi kidogo mno kuliko bahari, mwogeleaji anaweza asiihisi ulimini, ila redio inaihisi. Uliza kama pampu zinaweza kuzimwa, maana vile vinywa vya pembeni vinavyofyonza majani havibagui. Tazama sakafu. Mabwawa ya mashindano yana mistari myeusi chini ya kuongoza waogeleaji, na nyambizi nyingi ni nyeusi. Mwaka wa pili tulimtafuta mgeni wetu mmoja dakika 20, wanaume 11 tumeinama kama tunaotafuta sindano, huku chombo chake kimetulia sawasawa juu ya mstari wa njia ya nne. Na ukikiona, usiyaamini macho yako: maji yakitazamwa kutoka juu huonekana na kina cha robo tatu tu ya kina chake cha kweli. Kijiti chenye kulabu unachodhani kinafika hakifiki.

Barua kwa meneja wa bwawa iandike mwenyewe, usimwachie mpenzi wa nyambizi. Mpenzi ataandika kurasa tatu kuhusu Nautilus, ile nyambizi ya kwanza ya nyuklia iliyopita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini tarehe 3 Agosti, 1958, na meneja atabaki na neno moja tu, nyuklia. Andika "boti ndogo za betri, zisizotumia mafuta." Neno topido lisionekane popote, hata kama lenu ni la plastiki na linakwenda kwa nguvu ya mpira. Akiuliza kama boti hizo huzama, usidanganye, ila mtajie bima kwanza halafu ndiyo umjibu. Kuna mwaka meneja alituuliza kwa nini boti zetu zinatoa mapovu. Mwenzetu mmoja, ambaye hutumia gesi ya kopo kutapisha tangi, alimjibu kwa furaha kwamba hayo si mapovu, ni gesi. Mkutano ule ulihamia mji wa jirani.

Usisahau mwokoaji. Kanuni za mabwawa mengi zinataka awepo hata kama hakuna anayeogelea. Atakuwa kijana wa miaka 17 aliyefundishwa kwamba kitu kikizama kimya na kukaa chini anapaswa kuruka. Mweleze mapema, na umrudie kumweleza tena baada ya chakula cha mchana.

Watazamaji ni jambo dogo. Watakuja wake, wajukuu na wapita njia wawili. Watasimama ukingoni, wataona maji, watauliza itaanza saa ngapi, nanyi mtawaambia imeanza tangu saa tatu. Wawekeeni kivuli na chakula. Mimi hupika pilau, na sioni haya kusema kwamba kwa watu wengi ndiyo kitu pekee walichokiona siku hiyo.

Limebaki suala la tarehe. Mabwawa ya nje ya Marekani kwa kawaida hufungwa baada ya Siku ya Wafanyakazi ya huko, ambayo ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Baada ya hapo waogeleaji hawapo, maji bado yamo, klorini inaachwa ipungue, na meneja anafurahi kupata hata dola mbili. Juma hilo ndilo lako, wahi kuliandikia barua tangu mwezi wa tatu. Tatizo ni kwamba miji mingi hulitumia juma hilohilo kuwaruhusu mbwa waogelee, siku moja kwa mwaka, kabla bwawa halijamwagwa. Mbwa wana wapiga kura wengi kuliko nyambizi, kwa hiyo usishindane nao. Shindania zamu tu. Omba Jumamosi, mbwa wapewe Jumapili. Mwaka ambao tulikubali kinyume chake, nywele tulizozitoa kwenye rafadha zilitosha kujaza mto.