Wenyeji wa Wiki Tatu

Palikuwa na banda moja Kisarawe, chini ya mikorosho. Asubuhi moja bodaboda ilishusha hapo boksi la matundu lenye vifaranga 50, walioanguliwa mashineni Kibaha siku iliyotangulia, bado wakiishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni.

Bandani walikuwamo wenzao wa wiki tatu, manyoya ya mabawa yameshaota. Jogoo wao, Kishungi, akaparamia chombo cha maji, akahutubia: "Ndugu zangu, chakula ni chetu, maranda ni yetu, taa ni yetu. Wageni hawa watatumaliza. Sisi ndio wenyeji!"

"Wenyejiii!" wakaitikia.

Bibi Koo, kuku wa kienyeji aliyelea vifaranga wake na wa wenzake, akasogea mlangoni taratibu. "Wajukuu zangu, hebu tazameni nyuma ya pipa."

Wakatazama. Boksi la matundu, la Kibaha vilevile, kona moja imeoza kwa maji, na kinyesi chao cha siku ya kwanza kimekaukia humo. Kishungi akashuka.

Hata hivyo Bibi hakukubali wachanganywe, nami nasema alifanya vyema. Huruma peke yake haimlei kifaranga. Wa siku moja anataka joto la nyuzi 33 hivi. Wa wiki tatu, 27 zinamtosha. Wakubwa walishapata chanjo ya kideri na ya Gumboro, wadogo bado, na kinyesi cha mkubwa asiyeumwa chaweza kumwua mdogo kwa kuhara damu. Pakafungwa wavu katikati, kila upande na maji yake na chakula chake.

"Muonane kwanza," akasema Bibi. "Kugusana baadaye."

Wadogo walipotimiza wiki nne, wavu ukaondolewa jioni, giza likiingia. Kulipokucha Kishungi akamdonoa mmoja mgongoni hadi damu ikatoka, na kuku wakishaona damu hawaachi. Bibi akamfunika majeruhi kwa bawa lake, akamlinda mpaka kidonda kikafunga. Kishungi akatiwa tengani siku tatu. Alipotoka, akala na wenzake kimya.

Mwezi uliofuata likaja boksi jingine kutoka Kibaha. Wa kwanza kuparamia chombo cha maji na kupiga kelele, "Wageni hao!" alikuwa yule mwenye kovu mgongoni.

Bibi Koo akamwita pembeni. Wavu ukatunguliwa tena msumarini.