Asanteni kwa picha ya nyumba ya barafu

Kwa Waheshimiwa wote mnaoshughulikia miongozo na vifaa vya kufundishia utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wake wa kila siku,
Popote mlipo kwenye semina.

YAH: SHUKRANI ZA DHATI KWA KIPEPERUSHI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwananchi wa kawaida, mkazi wa Tanga, ninayesaidia kumuuguza baba mkubwa wangu aliyepata kiharusi. Upande wake wa kulia umelala na maneno yanamkwama kooni, ila hasira zake zote zimesalimika. Hospitali ilifanya yake: presha ikashushwa, dawa zikaandikwa, tukaruhusiwa. Mlangoni tukakabidhiwa kipeperushi cha mazoezi ya nyumbani, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Kipeperushi ni kizuri mno, waheshimiwa. Karatasi inang'aa, rangi zimekolea, na nembo za wafadhili zimechukua nafasi kubwa kuliko mgonjwa. Kimeandikwa kwa Kiingereza fasaha, lugha iliyochaguliwa, bila shaka, kwa kumfikiria mama mkubwa, ambaye ndiye anayemgeuza mumewe kitandani, anayemwogesha na kumlisha. Yeye aliishia darasa la saba. Alikipokea kwa mikono miwili, akakitazama mbele na nyuma, na tangu siku hiyo kinamfaa sana kupepea jiko la mkaa. Hakipindi hata kidogo. Wachapaji wapewe pongezi zao.

Kuhusu michoro, hapo ndipo mlipotuzidi. Mgonjwa wa kwenye kipeperushi anatoka kwenye beseni refu la kuogea huku ameshika bomba la chuma lililopigiliwa ukutani. Ukurasa wa pili anapanda ngazi zenye zulia. Ukurasa wa tatu ameketi kwenye sofa, mbwa yuko miguuni pake. Baba mkubwa alipoonyeshwa alimkodolea macho yule mbwa, kisha akageuzia uso ukutani. Nyumba yake haina ngazi. Choo kiko uani, ni cha shimo, na wote tunajua shughuli yake inafanyika kwa kuchuchumaa. Mtu aliyepooza upande mmoja anachuchumaaje? Akishachuchumaa, anainuka na nani? Kipeperushi kimelinyamazia jambo hilo kwa adabu, nadhani kwa kuwa ni aibu kulitaja mbele ya wafadhili.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja wa fiziotherapia. Alichukua karatasi ya vipimo iliyokwisha kazi, akaigeuza, akachora kwa kalamu ya wino: kiti cha plastiki kama vile vya harusini, tundu katikati ya kikalio, kiti kimesimamishwa juu ya shimo, miguu yake imezuiwa isiteleze, na kando kipande cha mti kimechimbiwa ardhini kwa ajili ya kushika mkono wa kushoto. Mchoro wote ulikuwa mistari michache. Fundi seremala wa mtaani aliuelewa bila kuuliza swali, na mama mkubwa aliuelewa kabla ya fundi. Naomba kijana huyo asichukuliwe hatua za kinidhamu kwa kutengeneza kielelezo bila kikao cha wadau.

Tulipoambiwa mgonjwa atapimwa maendeleo, tulifurahi. Kipimo kilikuwa kile cha Barthel cha uwezo wa kujihudumia, kilichochapishwa mwaka 1965, chenye vipengele 10 na jumla ya alama 100. Sina ugomvi nacho. Kimetumika dunia nzima na kimesaidia wengi. Ila kwenye kipengele cha kula, mfano wa msaada anaohitaji mgonjwa ni kukatiwa chakula na kupakiwa siagi. Kupanda ngazi kuna alama 10 kamili. Kukaa mkekani hakuna alama. Kuinuka kwenye sijda hakuna alama. Kumenya embe nako hakuna.

Na kula kwenyewe, waheshimiwa, kulitutoa jasho. Maelekezo yalisema mgonjwa atumie mkono mzima. Mkono mzima wa baba mkubwa ni wa kushoto, na kila aliyelelewa pwani anajua mkono wa kushoto una kazi gani. Alifunga mdomo. Ugali ulipoa, samaki akapoa, mtu mzima akakonda, na kwenye faili ikaandikwa kwa Kiingereza kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano. Aliyemaliza kesi hiyo ni shehe wa msikiti wa jirani, aliyekuja kumjulia hali, akamwambia kwa upole kwamba mwenye dharura hana lawama. Jioni ile baba mkubwa alikula. Sentensi kama hiyo ingeweza kukaa kwenye kipeperushi bila kuongeza gharama yoyote. Nafasi ipo: mtoeni mbwa.

Sasa tuje kwenye usemi. Kiharusi kinapoharibu upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi mwili hupooza kulia na lugha hujeruhiwa pamoja nao. Mtu anajua anachotaka kusema, ila neno haliji. Kumpima, hutumika picha: taja hiki, taja kile. Kipimo cha Boston cha kutaja majina ya vitu, toleo la mwaka 1983, kina michoro 60. Mna kitanda, mti, ufagio na kitana, na hayo ni yetu sote. Baadaye inakuja nyumba ya barafu. Anakuja biva, mnyama wa mito ya baridi anayeguguna miti. Linakuja tunda la mwaloni. Inakuja asparaga. Na tusisahau pretzel, mkate uliosokotwa mafundo, ambao baba mkubwa aliutazama kwa muda mrefu kisha akaonyesha kwa kidole kwamba ni kamba ya nanga iliyofungwa na mtu asiyejua kazi.

Amewahi kuwa mvuvi. Ilipofika zamu ya pweza, ambaye kwa bahati naye yumo, neno lilimtoka kwa sauti ya mnadani. Mtumbwi pia aliupata. Kwenye nyumba ya barafu akakaa kimya, na kimya hicho kikahesabiwa kuwa ugonjwa. Kipimo cha namna hii kinatafuta neno lililopotea. Neno ambalo mtu hakuwahi kuwa nalo halipotei, na alama yake ikikatwa anayepimwa ni msomaji wa Boston, ilhali aliyepooza yuko Tanga.

Kuna na picha nyingine, ya kipimo cha mwaka 1972 kutoka huko huko Boston, ambayo mgonjwa huelezea anachokiona. Ni jikoni. Mama anafuta sahani, sinki imejaa, maji yanamwagika sakafuni, na nyuma yake mtoto amepanda stuli inayopinduka ili aibe biskuti kabatini. Mama mkubwa, ambaye hana maradhi yoyote, aliichungulia akauliza: bomba linamwaga maji hivyo, na hakuna aliyekinga hata ndoo moja? Mtaalamu alitafuta mahali pa kuandika jibu hilo kwenye fomu yake, hakupaona.

Simlaumu mtaalamu. Amesoma kwa Kiingereza, vitabu vyake ni vya Kiingereza, na kila mgonjwa anapoketi mbele yake inambidi atafsiri papo kwa papo mambo ya bega, nyonga na kumeza, huku foleni inamtazama saa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 wana hali za kiafya ambazo utengamao ungewasaidia, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati wataalamu hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Kwa hesabu hiyo, mtaalamu wa utengamao wa nchi nyingi ni mama mkubwa. Ndiye aliye zamu usiku na mchana, hana cheti, hana posho, na kitabu chake cha kiada anapepelea jiko.

Najua hamjakaa bure. Februari 2017 ulizinduliwa Geneva mpango wa Utengamao 2030. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya. Kila Septemba 8 ni siku ya fiziotherapia duniani, kila Oktoba 29 ni siku ya kiharusi, na fulana huchapishwa zikatosha. Kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, na hotuba huwa tamu. Mwaka 2021 Bunge letu lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo leo Mtanzania anaweza kufungwa jela kwa Kiswahili sanifu. Kufundishwa kuinuka kitandani ndiko bado kunangoja mkalimani.

Maombi yetu ni machache. Tunaomba karatasi moja, ya Kiswahili, yenye michoro ya nyumba zetu. Iseme msimvute mgonjwa kwa mkono uliopooza wala kumnyanyua kwa kwapa, kwa sababu misuli inayolishikilia bega lake imelegea na linaweza kuteguka. Iseme asilishwe akiwa amelala. Aketishwe wima, apewe kidogo kidogo, na akikohoa kila anapokunywa arudishwe hospitali, maana chakula kinaweza kushukia mapafuni. Iseme asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda. Iseme kuukanda mkono kwa maji ya moto hakuchukui nafasi ya mazoezi, na ngozi isiyohisi inaungua bila mwenyewe kujua. Ionyeshe choo cha shimo, mkeka, na namna ya kupanda bajaji. Na mtaalamu naye apewe picha za kupimia zenye chungu, mbuzi, jembe na dau, zilizojaribiwa kwanza kwa wazee wetu walio wazima, ili ijulikane mtu mzima wa afya anazitajaje kabla ya kumhukumu mgonjwa.

Mkisema bajeti haitoshi tutawaelewa. Basi tupeni posho ya siku moja ya mshiriki mmoja wa semina, pamoja na nauli yake. Hela hiyo tutaipeleka stesheneri ya jirani, tutoe kopi za mchoro wa yule kijana, na chenji tutawarudishia kwa risiti.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Muuguzaji asiye na cheti.

Nakala:
Wafadhili: kwa taarifa.
Wenye kumbi za semina: kwa masikitiko.
Mchoraji yeyote mwenye penseli: kwa utekelezaji.