Mhadhara Kuhusu Neno "Ile"

Ndugu mgeni rasmi, wazee wetu wa meza kuu, itifaki imezingatiwa. Nasimama mbele yenu nikiwa Profesa wa Usalama wa Mitandaoni. Cheo hiki nimejitunuku mwenyewe, baada ya kuwachuja kwa haki waombaji wote, ambao nilikuwa mimi.

Wababaishaji watawatisha kwa virusi na wadukuzi wa ng'ambo. Upuuzi! Silaha kali kuliko zote iliyowahi kuingia kwenye simu ya Mtanzania ina herufi tatu. Someni nami: "Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja..." Salamu hakuna, sahihi hakuna. Lakini tazameni kazi ya hicho kionyeshi! "Hela" peke yake ni ombi, na mwombaji unaweza kumnyima. "Ile hela" ni jambo mlilokwisha kukubaliana. Tapeli hakujui wala hajui nani anakudai. Anatega namba nyingi tu, akiamini kwamba nchi hii mtu asiyedaiwa kodi, ada, mchango wa harusi wala hela ya mchezo bado hajazaliwa. Deni unalileta mwenyewe.

Na hilo "jina litakuja"? Hapo, mabibi na mabwana, ndipo navua kofia. Simu hukuonyesha jina la mpokeaji ili usite kidogo kabla ya kuweka namba ya siri. Jina ni mlinzi wa getini. Mwizi ameshampigia mlinzi mapema: leo kuna mgeni, mfungulie.

Namwona bwana mmoja ananyoosha mkono: laini si zimesajiliwa kwa alama za vidole? Naam, tangu 2019. Kwa kidole cha nani? Wewe uliyeambiwa na wakala chini ya mwavuli "bonyeza tena, mtandao unasumbua", ukabonyeza mara tatu na kuondoka na laini moja, piga *106# uone ni namba ngapi zinatembea kwa kitambulisho chako.

Mimi sijawahi kutapeliwa. Nilifanya utafiti wa vitendo, kwa gharama ya shilingi 180,000. Ilikuwa usiku, nadaiwa kodi ya miezi mitatu, ujumbe ukaingia. Likatokea jina la mwanamke nisiyemjua. Nikajisemea: kumbe mzee ameoa tena! Nikaweka namba ya siri, kisha nikamwandikia mwenye nyumba kumpongeza. Alinijibu kwa maneno yasiyosemeka mbele ya mgeni rasmi.

Kwa hiyo ukiguswa na "ile", mpigie anayekudai kwa namba uliyoihifadhi zamani, na ujumbe wenyewe uusukume kwenda 15040. Namba hiyo, nakiri, nilionyeshwa na kijana muuza vocha wa mtaani kwetu, asiye na cheo chochote.

Na wewe mzee uliyesimama pale mlangoni: ile hela naileta mkononi.