Sifa za Nyota Moja

Nyota tano zina waimbaji wa kutosha. Waandishi huzibandika kwenye majalada, wachapishaji huzitangaza, na shangazi zao huzigawa bure hata kabla ya kufungua kitabu. Mimi wa Kabezi, hapa Burundi, kando ya barabara iendayo Rumonge, nitaisifu ile isiyosifiwa na mtu: nyota moja, ambayo msomaji humtupia mwandishi mtandaoni kisha akaenda zake kulala.

Tazameni mbio zake. Mnunuzi wa mukeke hapa ufukweni, hata awe mkorofi vipi, sharti ainame, afunue mashavu ya samaki na kunusa, ndipo atangaze kwamba huyu amelala, si wa leo. Nyota moja haina taabu hizo. Humhukumu samaki angali ziwani. Juni 2023 Mmarekani Elizabeth Gilbert alitangaza riwaya yake The Snow Forest, ambayo kisa chake kiko Siberia, na ambayo ilikuwa itoke Februari mwaka uliofuata. Haikupita wiki, mamia ya nyota moja yakamwagika kwenye Goodreads, mtandao wa wasomaji, kutoka kwa watu waliochukizwa na riwaya ya Urusi wakati Ukraine inapigwa mabomu. Machungu yao yalikuwa ya haki. Kitabu kilikuwa hakijafika dukani. Gilbert akakiondoa mwenyewe. Niambieni, ni mhakiki gani wa chuo kikuu, pamoja na miwani na tanbihi zake, amewahi kukizuia kitabu ambacho hajakigusa?

Na huruma yake kwa wachapishaji! Watu hawa wana kazi nyingi. Ukimletea mmoja muswada wa kurasa mia nne, atausoma lini? Lakini wastani wa nyota za kitabu chako kilichotangulia anaupata kabla chai haijapoa, na jibu la "samahani, haupo kwenye mpango wetu" linajiandika lenyewe.

Wapo wanaodai kwamba maneno mabaya huua kitabu. Wanayasingizia. Mwaka 2010 Jonah Berger na wenzake wawili walichapisha utafiti wa mauzo ya vitabu vilivyohakikiwa na gazeti la New York Times: waandishi wasiojulikana waliposemwa vibaya, mauzo yao yalipanda kwa asilimia 45. Walioumia ni wenye majina makubwa. Najua, lile ni gazeti, wala halikuwa likigawa nyota. Ila msifiaji hana desturi ya kuchambua ushahidi unaompendeza.

Tena nyota moja ni mwalimu wa tabia. Mwaka huohuo wa 2010, Orlando Figes, bingwa wa Uingereza wa historia ya Urusi, alibainika kuwa ndiye aliyekuwa akivichana vitabu vya wenzake kwenye Amazon kwa jina la kujificha, huku akikimwagia sifa cha kwake. Kabla hajakiri, lawama ilikuwa imebebeshwa mkewe. Desemba 2023 ikawa zamu ya Cait Corrain, aliyefungua akaunti za uongo ili kuwagawia nyota moja waandishi wengine chipukizi. Mchapishaji wake, Del Rey, akaufuta mkataba, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa bado hakijatoka. Bila nyota moja tungewajuaje watu hawa?

Dhiki yetu huku ni kwamba neema hii haitufikii. Amazon ya Marekani haikuruhusu kuandika maoni mpaka uwe umenunua vitu vya dola 50 katika miezi 12 iliyopita, tena kwa kadi ya benki. Dola 50, jamani, kwa mtu anayehesabu faranga za kifurushi cha simu! Kumbe hata kutukana kitabu ni starehe ya wenye nacho. Gaël Faye amenusurika: Petit Pays, riwaya yake ya Bujumbura, ilipewa tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa mwaka 2016, na tangu hapo wenye kadi wanaipenda na kuichukia watakavyo.

Lakini Joseph Cimpaye? Alikuwa waziri mkuu wetu mwaka 1961. Baadaye akafungwa, na gerezani akaandika riwaya, L'Homme de ma colline. Aliuawa mwaka 1972. Riwaya ikachapishwa 2013. Miaka arobaini hakuna aliyelalamika kwamba inachosha. Hakuna aliyeiacha sura ya pili kwa hasira, wala aliyedai arudishiwe pesa zake.

Basi ndugu mwenye kadi, uwe Brussels au Dar es Salaam, ukikutana na kitabu cha Mrundi usikionee haya. Kipe nyota moja na uandike kwa nini. Ukikosa kabisa cha kulaumu, laumu jalada.