Mwezi Umeandama Juu ya Kochi

Katika nyumba hii kila kitu kina nguo nzuri isipokuwa mimi. Kochi refu lina vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, vyeupe pe, na ole wake mgeni atakayeegemea kama binadamu. Kitambaa kitateleza, kitamwingia mgongoni, na mwenye nyumba atasimama hapo hapo mpaka kinyooshwe, mgeni mwenyewe akiwa bado amekikalia nusu. Redio ina chake. Friji ina chake. Chupa ya chai ina chake cha kukalia. Televisheni ilikuwa na chake tangu zama za chogo, kikatulia vizuri juu ya ule mgongo. Tulipopata hii nyembamba kitambaa kikakosa pa kukaa, lakini hakikustaafishwa. Siku hizi kinaning'inia mbele, na pembe yake inafika kwenye ile kona wanayoandika mabao. Mechi nzima najua nani anacheza, nisijue nani anaongoza.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe hatujaanza, maana mjukuu wangu amekuja likizo na simu, na ndani ya simu, kwa bando ninalolipia mimi, yumo mama mmoja wa Marekani anayewafundisha wanaoanza namna ya kufuma mwezi.

"Mume wangu," akaniita, kama wajukuu wa Tanga wanavyowatania babu zao, "njoo ujifunze, ni rahisi."

"Mke mdogo," nikamjibu, "mke mkubwa yumo ndani, mfundishe yeye."

"Bibi anajua zamani. Anataka kibarua."

Kazi yenyewe ni ya vipande vya mraba, kimoja kimoja, ambavyo baadaye huungwa vikawa blanketi au nguo ya kochi. Wenyewe Wazungu wanavihesabu kuwa kazi ya mabibi, ingawa kielelezo chake kinachotajwa sana kilitoka mwaka 1885 katika Prairie Farmer, gazeti la Marekani la wakulima. Nililitoa hilo kama ushahidi kwamba jambo hili lilianza kuwaponza wanaume zamani. Halikunisaidia.

Ukitaka mwezi mpevu, unaanza na kitanzi, ndani yake mafundo marefu 12. Mzunguko wa pili yanakuwa 24, wa tatu 36, kila mzunguko unaongeza 12. Ukiwa bahili wa kuongeza, duara linajikunja kingo. Ukiwa mkarimu mno, linajaa marinda. Halafu unakata uzi wa krimu, unaunga wa buluu ya usiku, na hapo ndipo unapoambiwa ufanye kile ambacho wataalamu wa hesabu walikihangaikia karne nyingi: duara liwe mraba. Mfumaji hana habari na hesabu zao. Penye kona anafuma mafundo marefu zaidi, katikati ya upande anafuma mafupi, na mizunguko miwili baadaye kitu kina kona nne.

Mama wa kwenye simu hasemi habari ya uzi wa buluu. Ule uzi, baada ya magharibi, haufumwi bali unapapaswa. Mafundo hayaonekani, matundu hayaonekani, na umeme una tabia ya kukatika sindano ikiwa katikati ya fundo. Wala hasemi kwamba mipira miwili ya buluu ile ile, ikipakwa rangi kwa mikupuo tofauti, si buluu ile ile. Muuza duka aliapa kwamba zinafanana. Zilifanana humo humo dukani mwake, chini ya taa yake. Huku nyumbani tuna usiku wa rangi mbili. Na kila ukibadili uzi unaachiwa mikia, mmoja wa uzi uliokwisha na mmoja wa uliokuja, yote ya kufichwa kwa sindano ya kushonea. Mikia hiyo ni kazi ya kibarua.

Kisha yakaja makubwa. Mke mkubwa alijifunza kufuma shuleni, katika sayansi kimu, kwa vitabu vya Waingereza. Mke mdogo anajifunza kwa Mmarekani. Sasa fundo ambalo Mmarekani analiita la mara moja, Mwingereza analiita la mara mbili. Na la Mmarekani la mara mbili, kwa Mwingereza ni la mara tatu. Wawili hawa wamekaa siku nzima kwenye mkeka mmoja, wakisoma maelekezo yale yale, kila mmoja akiwa sahihi kabisa, na jioni walipoweka kazi pamoja, miezi ya bibi ilikuwa mifupi kuliko ya mjukuu. Nilifurahi, nakiri. Nikanyamazishwa.

Lakini kero yangu hasa si mafundo. Ni mwezi mchanga.

Huo unafumwa peke yake, kisha unashonewa juu ya mraba. Unatandaza vinyororo, unapanda ngazi kwa mafundo mafupi, ya wastani, marefu, marefu zaidi pale tumboni, kisha unashuka vile vile mpaka ncha ya pili. Kwa hiyo katikati unanenepa na pembe zinachongoka. Mpaka hapo sina neno. Neno langu ni pale mama wa Marekani anapoushona: anausimamisha wima, pembe moja juu na moja chini, umepinda mgongo kushoto.

Nikauliza, mwezi wa wapi huo? Huku kwetu karibu na ikweta, jua likizama, mwezi mchanga huwa karibu kulala chali, pembe zote mbili juu, kama mashua. Mwanga wake unatoka kwa jua, na jua la kwetu linashuka karibu wima, basi linauangazia mwezi kutoka chini. Huko kwao kaskazini jua linashuka kwa mshazari, mwezi nao unasimama. Isitoshe, hata huko kwao mwezi unaopinda mgongo kushoto ni mwezi unaokwisha, ule wa alfajiri. Yaani tunafuma mwezi wa wenyewe, tena mwezi wao wenyewe uliozeeka, na tunauweka kwenye kochi la Tanga!

Nilikuwa ndiyo kwanza napata moto. Mke mdogo akakichukua kile kipande, akakigeuza robo, akakiweka. Mwezi ukalala chali.

Hakuna kinachoudhi kama kutatuliwa lalamiko ambalo hujamaliza kulitoa.

Nikahamia kwenye nyota. Maana ameshona na nyota, kule kule katikati ya pembe. Nikamwambia pale si mahali pa wazi, pale ni mwezi wenyewe, upande wake usiopata jua. Nyota haiwezi kupita mbele ya mwezi. Akapapasa simu, akanionyesha bendera ya Komoro, majirani zetu wa bahari moja: mwezi umesimama wima, na mbele yake nyota si moja, ni nne, moja kwa kila kisiwa. Akanionyesha na ya Mauritania, mwezi umelala chali kama ninavyoutaka mimi, nyota iko kati ya pembe. "Unataka kugombana na Umoja wa Afrika, mume wangu?" Nikaomba chai.

Ushindi wangu uliletwa na mke mkubwa mwenyewe, bila kukusudia. Vitambaa vyake vya kochi havitundikwi kwa upande, hutundikwa kwa kona, ncha moja ikining'inia chini ili shanga zionekane. Akatundika na huu vivyo hivyo. Mwezi sasa umelala ubavu, si wa Marekani, si wa kwetu, na kila nikikaa najikuta nimepinda shingo.

Naye kijana wa jirani, anayekwenda na mashua za dagaa, alikuja juzi kutuletea mboga. Akaambiwa karibu, keti. Akauona mto wenye mwezi mpevu, akahamia kwenye kigoda cha mlangoni. "Shikamoo mzee, nisamehe, ule sikalii." Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikitanda samaki hawaifuati taa, na kijana anakaa nyumbani hana kitu. Kwake ule si mto wa mapambo, ni wiki anayokopa unga. Huyo nilimwelewa kuliko wote.

Yangeishia hapo ningevumilia. Lakini tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulikuwa umepatwa, ukawa mwekundu mzima kuanzia saa mbili na nusu usiku, kwa muda wa dakika 82, na mjukuu alikuwa ameupiga picha. Kwa hiyo unahitajika na uzi mwekundu. Jambo la dakika 82, tutalifua na kulianika miaka ishirini.

Na sasa mke mkubwa ametangaza kwamba anataka nguo nzima ya kochi refu, kipande kimoja kwa kila usiku wa mwezi. Vingapi? Mwezi mmoja, kwa wastani, ni siku 29, saa 12 na dakika 44. Nusu ya kipande haifumwi. Shemeji yangu wa Mombasa, aliyepigiwa simu kwa sauti ya wazi ili na mimi niteseke, akashikilia 29. Nikamwambia 29 haigawanyiki: ni mstari mmoja mrefu kutoka kwenye kochi mpaka jikoni, ama hakuna. Thelathini ni safu tano za sita sita. Akasema mwezi haufuati kochi. Mara tukawa ndani ya ule mjadala wa kila mwisho wa Shaaban, wa nani kauona na nani anafuata wa Saudia, isipokuwa safari hii kuna uzi. Nikauliza kama kuna kamati. Simu ikakatwa.

Zimepita thelathini. Hicho cha ziada ni cha usiku wa mwezi kutoonekana kabisa, buluu tupu, na kwa kuwa ndicho rahisi nimekabidhiwa mimi. Nikauliza, usiku usio na mwezi unaanzaje kwa duara la mafundo 12? Mke mkubwa akasema mwezi upo, ila hauonekani.

Nikamwambia basi na mimi nimeshaufuma, ila hauonekani.

Akanisogezea sindano, na karibu yake lile furushi la mikia.